Ng'ombe Mmoja na Mabati Manane

Jumatatu, 7 Mei 1979

Shilingi elfu nne na mia nane. Zimepotea Ijumaa iliyopita, tarehe 4 Mei, mchana kweupe, sebuleni kwa Osundwa huko Shianda, mimi mwenyewe nikiwa kwenye kiti chake na firigisi ya kuku wake mdomoni.

Nilipaswa kujua. Mwenye mji hatoi firigisi yake kumpa mwanakandarasi kwa mapenzi. Nikajiona nimeheshimiwa. Kumbe nimezibwa mdomo.

Kazi nimemaliza. Maduka manne ya mawe, mabati themanini, milango minne isiyolia. Soko zima la Shianda halina ukuta ulionyooka kama ule. Bei tuliyoandikiana: elfu arobaini na nane. Na Osundwa si maskini. Miwa yake imekatwa, kiwanda kimemlipa, amenunua redio kubwa kama kabati na anaifunika shuka usiku isipate baridi. Lakini Ijumaa akanihesabia elfu arobaini na tatu na mia mbili, akafunga mkoba. Nikangoja. Akaniuliza kama nimeshiba.

Ndipo mpwa wake akakohoa. Huyu anaitwa Onesmus, kijana aliyesomea uhasibu Kisumu miezi tisa akarudi na kalamu tatu mfukoni. Sasa ndiye karani wa Osundwa. Akanieleza, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, kwamba sehemu ya kumi ya pesa hubaki kwa mwenye jengo miezi sita. Dosari ikitokea, inarekebishwa kwa pesa hiyo. Isipotokea, napewa. Jina lake ritensheni. Imo kwenye mkataba, akasema, juu kidogo ya sahihi yangu.

Nikamwambia mkataba niliusoma kwa macho ya kujenga, si kwa macho ya kutafuta mitego.

Osundwa akacheka mpaka tumbo likasogeza meza. Akasema kiwanda kinamkata tangu aanze kupanda miwa: kulimiwa, mbegu, mbolea, kukatiwa, kubebewa. Kila msimu karatasi ya malipo ni ndefu kuliko muwa wenyewe. Sasa na yeye amepata mtu wa kumkata, nisimwonee wivu.

Wivu!

Pesa ile ilikuwa na kazi. Jumamosi ya tarehe 19, watu wa Lugari wanaleta mahari ya binti yangu Phoebe, muuguzi. Ng'ombe kumi. Na kwetu hakuna asiyejua: mtu hapokei ng'ombe wa binti yake kabla hajamaliza mahari ya mama wa binti huyo. Mimi nimemaliza. Karibu nimemaliza. Amebaki ng'ombe mmoja tu, wa baba mkwe wangu, Mzee Andati wa Khwisero, tangu mwaka wa 1958. Sikumnyima. Nilikuwa naangalia kwanza mambo yanavyokwenda. Mwanamke ameingia mgeni nyumbani, utajuaje?

Sasa mzee ametuma neno. Ng'ombe wake afike Khwisero kabla ya siku hiyo, ama atakuja mwenyewe Malinya kusimama langoni kwangu, na hakuna mkia wa Lugari utakaopita.

Ng'ombe wa maana ni shilingi mia tisa. Mimi nina mia mbili.

Jumanne, 8 Mei

Nimerudi Shianda. Nimemuuliza Onesmus swali la mtu mzima: inakuwaje mtu amalize kazi ya elfu arobaini na nane akose bei ya ng'ombe?

Akachomoa kalamu ya katikati. Mawe, simiti, mbao, mabati: elfu ishirini na tatu na mia sita. Mafundi na vibarua: elfu tisa na mia nne. Jumla, elfu thelathini na tatu. Kwa hiyo faida yangu ni elfu kumi na tano.

Nikamwambia alete.

Akasema ninayo tayari. Elfu kumi nimenunua ile pikapu. Elfu nne na mia nane iko kwa mjomba wake. Mia mbili iko mfukoni mwangu. Nikajumlisha kichwani. Kumi na tano kamili! Hesabu ilikubali, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Akaniasa nisichanganye faida na fedha. Faida iko vitabuni, fedha iko mfukoni, na wajenzi wengi huanguka huku vitabu vyao vikionyesha faida. Upuuzi. Sijaona mtu akafa njaa ameshiba. Akashauri niuze pikapu. Mtu huuza mguu ili anunue kiatu?

Lakini lilimponyoka neno moja: gharama za uendeshaji. Kumbe kuna gharama ambazo si jiwe wala simiti, ila bila hizo kazi haiendi. Nikatoka nje nikaandika bili juu ya boneti ya pikapu. Petroli. Viatu vyangu, jozi mbili. Chai ya asubuhi anayonipikia mke wangu Awinja, kazi yote. Sauti yangu, iliyoharibika kwa kuwapigia vibarua kelele. Maombi ya mchungaji kabla ya kumwaga zege. Jumla ikaja elfu nne na mia nane. Sikuanza na jumla. Ilitokea tu hivyo.

Onesmus akasoma hadi mwisho bila kupepesa. Akasema gharama za uendeshaji huwekwa ndani ya bei kabla ya kutia sahihi. Ukishatia, unazila mwenyewe. Akaongeza kwamba maombi hayana risiti.

Osundwa alicheka hadi akaegemea mlango. Mlango wangu! Haukulia hata kidogo.

Alhamisi, 10 Mei

Wazo limenijia. Malipo ya awali!

Mjenzi huomba kitu kidogo kabla ya kuanza. Mimi ni baba wa bibi harusi. Kwa nini nisiombe? Watu wa Lugari wanipe ng'ombe mmoja sasa, nimpeleke Khwisero, mzee anyamaze, Jumamosi ile nipokee tisa waliobaki. Hakuna anayeumia.

Nimeendesha mpaka Lugari. Mkwe wangu mtarajiwa, Mukhwana, baba wa bwana harusi, ni mkulima wa mahindi kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Mtu wa maneno machache na viatu vikubwa vya gambuti. Akanipa chai yenye maziwa kuliko maji. Nikamweleza ombi langu. Akasema hapana, kwa upole. Ng'ombe wa mahari hutembea pamoja. Mmoja akitangulia peke yake, watu watauliza ameiba nini.

Haya. Lakini mtu huyu ana masikio! Nilimsimulia unyama wa Osundwa, kuanzia firigisi, naye akaweka kikombe chini. Akauliza ni sehemu ngapi inayoshikwa. Nikasema moja katika kumi. Akauliza kwa muda gani. Miezi sita. Akauliza ni nani anayeamua dosari ni nini. Nikamwambia, hilo ndilo linalouma, ni mwenye jengo mwenyewe! Akatikisa kichwa. Akamwita mkewe aje asikie. Nikasimulia tena tangu mwanzo. Mama naye akashika shavu, akauliza ile kitu inaitwanga nani. Nikawatamkia. Wakaitamka pamoja.

Nimerudi moyo mwepesi. Angalau Phoebe anaingia kwa watu wanaoelewa uchungu.

Petroli shilingi arobaini. Zimebaki mia moja na sitini.

Ijumaa, 11 Mei

Leo nikinyoa ndevu nimejikata, si kwa wembe, kwa furaha iliyonirusha.

Jumanne Onesmus aliitukana pikapu yangu. Alisema kila mwaka itapoteza sehemu ya tano ya bei yake, na baada ya miaka mitano vitabuni itakuwa sufuri. Hiyo wanaita uchakavu. Nilikasirika. Lakini hebu fikiri: ng'ombe wa 1958! Sehemu ya tano kila mwaka. Kufika 1963 alikuwa sufuri. Deni liliisha mwaka wa Uhuru na hakuna aliyeniambia!

Nikachukua kilo mbili za sukari, nikaenda Khwisero. Nikakaa kama mkwe anavyokaa, macho chini, mikono magotini. Nikaeleza uchakavu. Mzee Andati alisikiliza mkono nyuma ya sikio. Kisha akauliza kama pikapu yangu inazaa.

Nikasema hapana, Baba.

Akasema basi hapo ndipo uhasibu wangu na wake unapoachana. Ng'ombe niliyebaki naye alikuwa mtamba aliyekaribia kupandwa. Akaanza kuhesabu vidole. Ndama mmoja, mwingine, wa kike nao wanazaa, wajukuu nao wanazaa. Vidole vikaisha. Akamwomba kaka yake amkopeshe vyake. Mwishowe akasema mpaka leo namdai... hapana, yeye ananidai ng'ombe thelathini na saba.

Mimi hesabu hainipiti. Niliirudia kichwani njia nzima. Nilipata arobaini na moja. Sikurudi kumwambia.

Akasema kwa huruma yake atapokea watatu: mama na watoto wake wawili. La sivyo, langoni.

Nyumbani nikamwambia Awinja kwamba baba yake ni mlafi. Alikuwa anasonga obusuma, ugali wa kwetu. Hakugeuka. Akasema, "Baba Phoebe, miaka ishirini na moja, bado unaniangalia kama niko na dosari?"

Nikamwambia asichanganye mambo ya jikoni na mambo ya hesabu. Akaniwekea obusuma mezani. Mboga haikuja.

Jumapili, 13 Mei

Sasa ni vita. Nimechoka kujitetea kwa maneno yao. Leo nimeyatumia.

Kama mwenye jengo anaweza kushika sehemu ya kumi ya pesa kwa hofu ya dosari zangu, basi mjenzi anaweza kushika sehemu ya kumi ya jengo kwa hofu ya dosari za mwenye jengo. Na Osundwa anazo. Mabati ni themanini. Sehemu ya kumi ni manane. Sikuongeza hata moja. Mimi si mwizi.

Nimefika Shianda saa nne, Osundwa na Onesmus wako kanisani kwenye harambee ya kengele. Nikachagua chumba cha mwisho, ambacho Onesmus amekifanya ofisi. Awe na hewa safi ya kufikiria. Pascalia, mama anayeuza chai pale mbele, alinishikia ngazi. Akasema Mungu anibariki, mafundi wengine wakishalipwa hawaonekani tena, na mimi narudi hata Jumapili. Nilijibu kwamba jina la mtu ni kazi yake.

Alitazama juu akasema wingu limeshika upande wa msitu. Nikamwambia mvua ya kwetu ina adabu, haiji kabla ya saa tisa, na saa tisa Osundwa atakuwa ametoka kanisani ameona barua yangu.

Barua niliigongomelea mlangoni. "Nimeshika sehemu ya kumi ya jengo. Miezi sita. Dosari zisipotokea, utarudishiwa. Ni kawaida ya kazi. Wako, Shikanga na Wana, Wajenzi." Wana sina, nina mabinti, lakini hivyo ndivyo kampuni zinavyoitwa.

Mabati yamelala uani kwangu chini ya turubai. Nimekula vizuri. Awinja ameuliza yametoka wapi. Nimemwambia ni mali ya muda.

Saa tisa mvua ikaja. Na adabu yake, na upepo, na barafu.

Jumatatu, 14 Mei

Sukari!

Ni nani angejua kuhusu sukari? Osundwa anafungua duka la jumla. Juzi Jumamosi alileta magunia manane ya sukari, akatafuta chumba kikavu kuliko vyote. Akakumbuka maneno yangu siku ya kukabidhi, kwamba paa la chumba cha mwisho halipitishi hata ukungu. Akayaweka humo, nyuma ya meza ya Onesmus. Kwa hiyo ni imani yake kwangu iliyomponza. Hili sikulisema mimi. Lilisemwa na Onesmus, leo saa mbili asubuhi, uani kwangu, huku akipangusa miwani.

Na harambee? Iliendelea hadi saa kumi na moja! Kengele gani inachangiwa siku nzima?

Wamenieleza yote. Sukari ilitoka chini ya mlango kama mto. Ikavuka barabara. Watoto wa Shianda walipiga magoti matopeni na vikombe. Mabata ya Pascalia yalikunywa yakaanza kutembea duara. Leo alfajiri nyuki wamehamia, na hakuna anayejua ni wa nani. Osundwa mwenyewe aliingia ndani kwa hasira na kiatu chake kimoja bado kiko huko, kimenata.

Alikuja amevaa kandambili. Nilijitahidi nisizitazame.

Hakupiga kelele. Hilo lilinitisha. Alimwambia Onesmus asome. Onesmus akasoma. Magunia manane ya sukari, mia nne hamsini kila moja: elfu tatu na mia sita. Meza, dari na kalenda: mia saba. Fundi wa kurudisha mabati: mia tano. Jumla, elfu nne na mia nane.

Jumla yangu! Mpaka senti! Nikamuuliza kalenda ni pesa ngapi. Akasema ilikuwa na picha.

Kisha akafafanua, polepole tena, kama uji. Paa lisilo na mabati manane ni dosari. Dosari imetokea ndani ya miezi sita. Pesa ya dosari ilikuwepo. Imetumika. Vitabu vimefungwa, hakuna anayemdai mwenzake.

Na Osundwa, huyo Osundwa, alimshika mpwa wake begani akamwambia kwamba alikuwa hajaelewa maana ya ritensheni hadi jana, na sasa anaona ada ya Kisumu haikuenda bure. Wakapakia mabati kwenye gari lao. Awinja akawapa chai. Chai!

Alhamisi, 17 Mei

Siku mbili zimebaki. Sina pesa ya Osundwa, sina mabati, nina shilingi mia moja na arobaini.

Jirani yangu ana fahali aliyeshindwa vibaya kwenye mchezo wa kupiganisha mafahali hapa Malinya Jumamosi iliyopita. Alikimbia kabla ya kuguswa. Mwenyewe hataki hata kumwona. Akaniachia kwa mkopo, nitamlipa nikipata. Nikampeleka Khwisero asubuhi. Ng'ombe ni ng'ombe, na huyu ana pembe nzuri.

Amerudishwa jioni hii, na neno la Mzee Andati limekuja naye: yeye alitoa msichana, hakutoa bondia.

Jumamosi, 19 Mei

Naandika nikikandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka. Si uchovu. Ni hasira.

Mzee Andati alifika kabla ya jogoo kushuka mtini. Akafungua kiti chake cha kukunja katikati ya lango, akafungua na mwavuli. Nikampelekea uji. Akaunywa palepale. Hakusogea.

Saa tano lori la Lugari likasimama barabarani. Ngoma za isukuti zikaanza kulia, ng'ombe wakashushwa. Nikawahesabu kwa mbali. Tisa. Nikadhani mmoja amejificha nyuma ya mwingine. Nikahesabu miguu. Thelathini na sita. Mukhwana akanipungia mkono na tabasamu pana kama gambuti zake.

Lakini kwanza lango. Mzee akasimama, fimbo mkononi. Ngoma zikanyamaza. Watu wa Lugari wananitazama, wazee wetu wananitazama, Phoebe mlangoni na nguo yake mpya ananitazama. Nilifungua mdomo nielezee uchakavu upya, kwa mifano bora zaidi.

Awinja akatoka jikoni. Hakuniuliza. Alinipita kama mtu anavyopita nguzo, unga ungali mikononi, akaingia katikati ya ng'ombe. Akatembea kati yao taratibu, mmoja mmoja. Akasimama kwa yule mweusi mwenye baka jeupe la paji, kiwele kimejaa, ambaye hata mimi nilishamchagua nikiwa mbali. Akaweka mkono shingoni kwake, unga ukabaki alama.

Akasema, "Baba, huyu ndiye mimi."

Mzee Andati alivua kofia. Akasema watu wote washuhudie: msichana wake amejilipia mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele hadi kuku wakapanda paa. Phoebe akalia. Mukhwana akapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Nikadhani yameisha. Mzee akajichagulia na mitamba miwili. Watoto wake, akasema. Tisa kutoa tatu, sita! Ndipo akakunja kiti chake, akaniita mwanangu, na akaniombea maisha marefu ya kulipa madeni.

Tukaingia kula. Nilimpa Mukhwana firigisi, kwa mkono wangu, mbele ya wazee. Osundwa alikuwa ametuma zawadi: kilo mbili za sukari, zimeganda kama jiwe la msingi. Sikuzigusa.

Mukhwana akatafuna, akameza, akapangusa midomo. Kisha akatangaza habari ya ng'ombe wa kumi. Yuko Lugari, mzima, anakula vizuri. Atabaki huko miezi sita. Ikionekana hakuna dosari, ataletwa. Akanishukuru mbele ya wote. Akasema siku ile nilipowatembelea walikuwa hawajawahi kusikia mpango wenye busara namna ile, na mkewe amekuwa akimwomba aurudie kila jioni. Alitamka ritensheni vizuri kuliko Onesmus.

Nikamuuliza, kwa sauti niliyobakiwa nayo, ni nani atakayeamua dosari ni nini.

Akasema, "Si ulinifundisha mwenyewe, mkwe? Ni mwenye jengo."

Awinja alicheka hadi akakaa chini. Miaka ishirini na moja sijamwona akicheka hivyo.

Jumapili, 20 Mei

Nimekaa peke yangu nikatafakari yote, kuanzia Shianda hadi jana. Nimepata funzo kubwa: watu hawana haya.

Nilimfungulia mtu yule moyo wangu. Nikampa firigisi. Naye anashika ng'ombe wangu! Mtu mzima, mwenye ekari sitini, anamshika ng'ombe mmoja wa mkwe wake na kulala usingizi! Mwanamke anaingia kwao, wanaona mikono yake inafanya kazi, wanaona ana adabu, wanangoja nini tena? Hilo ni tusi kwa binti. Ni tusi kwa nyumba nzima. Nimemwambia Awinja hivyo. Amenitazama, kisha ameniongezea mboga.

Lakini Shikanga hajafa. Wakishika sehemu ya kumi ya ng'ombe, nitashika sehemu ya kumi ya bibi harusi. Mwezi una siku thelathini. Phoebe atakaa Lugari siku ishirini na saba, na siku tatu kila mwezi atakuwa hapa Malinya, chini ya ulinzi, hadi ng'ombe afike. Ni hesabu safi. Hata Onesmus hawezi kuipinga.

Phoebe alikuwa anafunga sanduku. Akasema, "Baba, mimi si mabati. Nikienda nimeenda mzima." Akaniomba nimbebee sanduku hadi barabarani. Nikabeba. Lilikuwa zito kuliko mabati.

Nilipomweleza Awinja mpango huo, alitoka mlangoni akatazama juu, upande wa msitu, akaniuliza kama nimeona mawingu. Sijui mawingu yanahusika vipi.

Barua nimeshaiandika. Naiandika hapa pia, isije ikasemwa sikusema.

"Kwa Mukhwana, Lugari. Ng'ombe mmoja. Amepotea jana, tarehe 19 Mei, nyumbani kwangu, firigisi yangu ikiwa mdomoni mwako. Sitaki hadithi, sitaki dosari, sitaki kusikia habari za miezi sita. Nijibu moja kwa moja: unamleta au humleti? Neno moja tu linatosha, nalingoja Ijumaa, kabla ya saa sita mchana."